Ukipanga Likizo Zanzibar, Anza na Bahari

Shule zinapokaribia kufungwa, katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Arusha, Dodoma na hata Nairobi, mazungumzo huhamia Zanzibar. Simu hufunguliwa, picha za mabwawa ya kuogelea hutazamwa, bei hulinganishwa, kisha mwenye kulipa huchagua hoteli iliyompendeza macho bila kumtisha mfuko. Tarehe hufuata ruhusa ya kazini. Jina la kijiji hoteli ilipo mara nyingi halijulikani mpaka siku ya kushuka bandarini Malindi, mjini Zanzibar, na kumwambia dereva wa teksi pa kwenda.

Naamini tunapanga kinyume. Hoteli inapaswa kuamuliwa mwisho. Cha kwanza ni msimu, cha pili ni kujaa na kupwa kwa maji, cha tatu ni kijiji na watu wake. Anayefuata mpangilio huo hupata likizo iliyo bora, mara nyingi kwa fedha pungufu, na fedha hizo huwafikia wenye kisiwa. Sisi wasemaji wa Kiswahili ndio hasa tusio na sababu ya kupanga vingine, kwa kuwa maarifa yote yanayohitajika yako katika lugha yetu, na wenye maarifa hayo tunaweza kuwapigia simu leo jioni wakatujibu.

Msimu kabla ya tarehe

Mabaharia na wavuvi wa mwambao huu waligawa mwaka kwa pepo na mvua, na mgawanyo wao bado ni wa kuaminika kuliko tangazo lolote. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi katikati ya Machi. Ni miezi ya joto kali, na ndizo pepo zilizokuwa zikisukuma majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi kuja kwetu. Hufuata masika mpaka Mei, na Aprili kwa kawaida ndiyo yenye mvua nyingi zaidi. Baadhi ya hoteli hufunga milango wakati huo. Kuanzia Juni huvuma kusi. Hewa hupoa, mvua hupungua, lakini bahari kuu huchafuka. Vuli huingia mwaka unapoelekea ukingoni, na mvua zake mara nyingi hunyesha kwa vipindi na kuacha jua liwake tena siku hiyohiyo.

Sasa iangalie familia ya Kitanzania inayongoja Desemba. Imechagua majira ya joto, imechagua wiki za Krismasi na Mwaka Mpya ambazo bei hupanda kuliko wakati mwingine wowote, na inagombea vyumba na wageni wanaokimbia baridi ya Ulaya. Likizo ya Juni, ambayo wengi wetu huwapeleka watoto kwa bibi, ingewafaa zaidi. Masika yamekwisha, miti imenawiri, jua halichomi sana, na umati wa Julai na Agosti haujafika. Anayeweza kuomba ruhusa Oktoba, kusi ikishatulia na vuli haijakolea, atakuta bahari tulivu yenye maji maangavu.

Upepo pia huamua upande wa kisiwa. Unguja ina urefu wa takriban kilomita 85, na pande zake haziko katika hali moja. Pwani ya mashariki hupokea kusi na kaskazi uso kwa uso. Ndiyo sababu Paje imekuwa mahali pa vijana wanaoteleza juu ya maji kwa tiara. Kendwa, inayotazama magharibi, hukingwa kwa kiasi kikubwa na pepo zote mbili. Mwenye mtoto mdogo au mzazi mzee azingatie hilo kabla hajaangalia rangi ya mapazia.

Msimu unahusu hata njia ya kufikia kisiwani. Boti ya kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili, ndege kama dakika 20. Wakati wa kusi boti huyumba, na mwenye tumbo dhaifu ajiandae. Kuna jambo zito zaidi. MV Spice Islander ilizama Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake. MV Skagit ilizama Julai 18, 2012 ikitokea Dar es Salaam, karibu na kisiwa cha Chumbe, katika upepo mkali. Misiba yote miwili ilitukuta katika miezi ya kusi. Kwa heshima ya waliopotea, tusipande chombo kilichojaa kupita kiasi hata kama tiketi imeshalipwa na chumba kinangoja. Usiku mmoja wa hoteli uliopotea hautamliza mtu.

Kuna pia kalenda ya watu. Sauti za Busara hukusanya wapenzi wa muziki Mji Mkongwe mwezi Februari. Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, huadhimishwa Makunduchi mwezi Julai. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, na miaka hii inaangukia Februari na Machi. Mchana wa Ramadhani sehemu nyingi za kula nje ya hoteli hufungwa, na kula au kunywa hadharani ni utovu wa adabu kwa wenyeji. Asiyeweza kuishi na hilo achague mwezi mwingine. Anayeweza ataona usiku mji unavyochangamka baada ya futari, na huenda akakaribishwa kwenye jamvi la watu asiowajua.

Maji yana saa zake

Lalamiko ninalolisikia mara nyingi zaidi kwa wanaorudi ni hili: tulifika, bahari tukaikosa. Walilipia Jambiani au Matemwe kwa picha ya maji ya samawati yanayogusa ngazi za hoteli. Wakafika asubuhi, wakakuta mchanga na vidimbwi hadi mbali, na wimbi likivunjikia kwenye mwamba kule upeoni. Wengine hudai kubadilishiwa hoteli. Ufukwe hauna kosa. Aliyepanga safari hakuuliza maji yanajaa saa ngapi.

Mambo yenyewe si magumu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa Zanzibar hufikia karibu mita 4. Kati ya bamvua na bamvua huja maji mafu, ambayo tofauti yake ni ndogo. Pwani ya mashariki ina uwanda mpana wa maji madogo kati ya ufuko na mwamba wa matumbawe, hivyo bamvua ikipwa bahari huweza kurudi nyuma zaidi ya kilomita moja. Nungwi na Kendwa, ncha ya kaskazini, sakafu ya bahari hushuka haraka zaidi, na mtu anaweza kuogelea karibu saa zote.

Saa zenyewe zinakadirika. Siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, hata baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, kujaa kunakuwa asubuhi. Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inatosha kukuongoza. Siku za karibu na mwezi mosi na mwezi kumi na tano, au moja mbili baada yake, ni bamvua. Karibu na mwezi nane na ishirini na mbili ni maji mafu. Anayetaka watoto waogelee asubuhi Paje apange safari yake kwenye maji mafu. Anayetaka kuwatembeza mpaka karibu na mwamba wakaone viumbe vya baharini apange kwenye bamvua, awavalishe viatu vya mpira, maana chini kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayovunjikia mguuni.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu saa ya maji kupwa, ambayo mgeni huiona kama hasara, ndiyo saa ya kazi pwani ya mashariki. Wanawake hushuka baharini na vipande vya kamba na vijiti kwenda kutunza mashamba ya mwani. Wengine hupita wakitafuta pweza kwenye mashimo ya mawe. Jambiani wako wanawake wanaolima hata sifongo za kuogea. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu mwanzo wengi wa wakulima wake wamekuwa wanawake. Kwa maelfu yao fedha za mwani ndizo za kwanza kuingia mikononi mwao wenyewe. Zimesomesha watoto na zimeezeka nyumba mabati. Leo kazi hiyo iko hatarini. Bahari ya kina kifupi imezidi joto, na aina ya mwani yenye bei nzuri hufa kabla ya kuvunwa. Juu ya hilo, sehemu ya ufuko waliokuwa wakianikia mazao yao imechukuliwa na hoteli.

Yote hayo yanatendeka mbele ya mgeni, hatua chache kutoka kitandani mwake. Akishuka kwa adabu, akaamkia, akaomba ruhusa ya kutazama, atajibiwa. “Shikamoo mama, poleni na kazi” inafungua mazungumzo ambayo mtalii wa Kijerumani hawezi kuyapata hata akilipa muongozaji. Picha apige akishakubaliwa, na kama ana fedha ya kununua sabuni ya mwani, anunue kwa wanawake wenyewe.

Maji ya kijiji na maji ya hoteli

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Wazanzibari takriban milioni 1.89. Mwaka 2024 kisiwani waliingia watalii zaidi ya 700,000. Wote hao huoga, hufuliwa mashuka, huogelea kwenye mabwawa na hulala kando ya bustani zinazomwagiliwa jua linapowaka. Maji hayo yanatoka ardhini. Chini ya jiwe la matumbawe la pwani ya mashariki maji matamu yameelea juu ya maji ya chumvi kwa tabaka jembamba. Yakivutwa kwa kasi, chumvi hupanda, na kisima cha jirani huharibika.

Mwaka 2012 shirika la Uingereza la Tourism Concern lilitoa ripoti iliyochunguza matumizi ya maji Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Ilikuta kwamba kaya ya kijijini ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku, huku chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kikitumia lita 3,195. Miaka imepita, na hoteli zimeongezeka. Namwomba msomaji aiweke tofauti hiyo kichwani anapotazama picha ya chumba chenye bwawa lake binafsi, umbali mfupi kutoka bahari iliyo huru kwa wote.

Simkatazi mtu anasa. Ninachokataa ni kulipia anasa bila kuuliza gharama yake inabebwa na nani. Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, kimethibitisha kwamba njia nyingine ipo. Mwamba wake ulitangazwa hifadhi mwaka 1994, wavuvi wakafunzwa kuwa walinzi wake, na malazi yake yana vibanda saba tu. Mapaa yameundwa kukusanya maji ya mvua, umeme ni wa jua, na vyoo havitumii maji. Mapato ya wageni hugharimia uhifadhi na ziara za wanafunzi wa Zanzibar wanaopelekwa kuyaona matumbawe ya kwao. Chumbe ni ghali kwa wengi wetu, lakini maswali inayotufundisha kuuliza ni bure. Maji yenu yanatoka wapi? Maji machafu yanakwenda wapi? Wafanyakazi wangapi ni wa kijiji hiki? Samaki na mboga mnanunua kwa nani? Hoteli yenye majibu mazuri itayatoa kwa furaha. Inayobabaika imeshajibu.

Suala la fedha linakwenda sambamba na la maji. Mfumo wa kulipia kila kitu mapema, kitanda, mlo, kinywaji na matembezi, humfungia mgeni ndani ya ukuta. Akishalipia vyote hana sababu ya kununua dafu kwa kijana wa nje, wala kula pweza wa nazi kwa mama lishe, wala kukodi ngalawa ya jirani. Nyumba ya wageni ya mwenyeji, chumba safi chenye neti na feni, huacha fedha kijijini mara mbili: kwa mwenye nyumba, na kwa wote ambao mgeni atatoka kuwatafuta. Daladala namba 116 inafika Nungwi na namba 309 inafika Jambiani kwa nauli ya wenyeji. Hata hivyo tunalipa magari ya kukodi kana kwamba hatujui kuuliza njia.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaoniambia kwamba wamechoka. Mama aliyepika, akafua na kwenda kazini mwaka mzima anataka siku chache za kuletewa chakula, na hataki kufikiria bamvua wala visima. Namwelewa, na anastahili mapumziko hayo. Lakini kufikiri ninakokuomba kunafanyika kabla ya safari, jioni moja, kwa simu mbili tatu. Mtu aliyechoka ndiye hasa asiyepaswa kufika na kukuta bahari imeondoka, upepo unarusha mchanga na bei ni ya Krismasi.

Wengine watataja usalama, na vijana wanaowaandama wageni ufukoni wakiuza ziara, wale wanaoitwa papasi. Usumbufu upo. Hata hivyo mtu anayejibu kwa Kiswahili, kwa upole na msimamo, huachwa haraka, na mwenye nyumba ya wageni kijijini atakuelekeza kwa nahodha anayemjua na njia ya kupita usiku. Ulinzi wa jirani anayekufahamu una nguvu kuliko tunavyoukadiria.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: kwamba kisiwa hakikuandaliwa kwa ajili yetu. Bei zinatajwa kwa dola, na Mtanzania akipiga simu hujihisi anaomba msaada. Nimeisikia lawama hiyo na ni ya kweli. Hoteli nyingi zina bei ya wakaazi, lakini haziitaji mpaka uiulize. Basi iulizeni, kila mara, bila haya. Wenye hoteli nao waiandike wazi mahali inapoandikwa bei nyingine. Mgeni wa kigeni alikosekana kwa muda mwaka 2020, janga la korona lilipofunga anga. Sekta iliyoyaona hayo, na inayosema inalibeba pato la Zanzibar, haiwezi kuendelea kumwona mwananchi kama wa kuzibia nafasi za masika.

Lugha ni dhamana

Kuijua lugha ya mahali kunatupa haki, na kunatupa wajibu pia. Kizimkazi boti hutoka alfajiri kutafuta pomboo, na mara nyingi huwazunguka na kuwafukuza ili wateja warukie majini karibu nao. Kwenye kisiwa cha Mnemba, siku za msimu mkubwa, boti hujazana juu ya matumbawe kiasi kwamba waogeleaji hupishana na injini. Mtalii asiyejua lugha anaweza kudhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Sisi tunaweza kumwambia nahodha kabla hajawasha mashine: “Kaka, tusiwafukuze. Tukiwakosa, tumewakosa, fedha yako iko palepale.” Manahodha wengi wanafukuza kwa hofu ya kunyimwa bahashishi. Ukimwondolea hofu hiyo umewasaidia pomboo, na umemsaidia yeye ambaye mwanawe atategemea maji hayohayo.

Vivyo hivyo kwa mavazi. Nungwi na Bwejuu ni vijiji vyenye misikiti, madrasa na wazee wanaokaa barazani. Vazi la kuogelea ni la ufukoni. Ukivuka kuingia kijijini jifunike kanga au vaa shati. Mtanzania au Mkenya anayefanya makusudi kinyume na hilo anaumiza zaidi ya mgeni, kwa kuwa wenyeji wanajua kwamba anajua.

Tunachopaswa kudai

Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inaweza kurahisisha haya yote kwa gharama ndogo. Ichapishe kwa Kiswahili kalenda ya misimu na ya kujaa na kupwa kwa maji kwa kila ufuko mkubwa, ibandikwe bandarini Dar es Salaam na Malindi, na ipatikane kwenye simu. Itangaze matumizi ya maji ya kila hoteli yenye nyota, ili mteja achague akijua. Tangu Oktoba 1, 2024 wageni wanaotoka nje ya nchi hutakiwa kulipa bima ya dola 44 wanapoingia. Serikali iliyoweza kusimamia jambo hilo kwenye kila lango ina uwezo wa kudai lita kutoka kwa wawekezaji, hasa kwa vile ardhi wanayojengea ni mali ya umma waliyokodishwa.

Nasi wasafiri tuanze bila kungoja. Safari ijayo ya familia iamuliwe hivi: tazama msimu, hesabu tarehe ya mwezi, chagua upande wa kisiwa, mpigie mtu wa kijiji hicho umuulize bahari ikoje wiki hiyo, kisha ndipo utafute pa kulala na uulize maji yake yanatoka wapi na bei ya mkaazi ni kiasi gani. Ukifika kwenye hoteli ukiwa na majibu hayo, uchaguzi utakuchukua dakika chache. Fedha uliyoihangaikia mwaka mzima itakuwa imekununulia bahari uliyoitaka, na mwenye kijiji atakuwa amepata fungu lake.